Mlango wa gari unaogoma kufunga: kusogeza kichuma, kutengeneza bawaba au kununua mlango mwingine?

Mlango wa dereva kwenye gari langu dogo ulianza kwa kuomba nguvu kidogo tu. Kisha ukaomba zaidi. Baada ya miezi mitatu nilikuwa naubamiza mpaka kioo kinatetemeka, na jirani ananiuliza nimemkasirikia nani. Nikaupeleka gereji moja hapa Busia. Kijana akatoa bisibisi, akalegeza skrubu mbili kwenye nguzo, ile sehemu ya bodi iliyosimama ukingoni mwa mlango, akakishusha kidogo kile kichuma chenye umbo la U ambacho kitasa hukiuma mlango unapofungwa, akakaza. Mlango ukafunga kwa kusukumwa na kidole. Nililipa kwa furaha.

Wiki sita baadaye mvua ilitukuta karibu na Bugiri. Maji yaliingia kwa juu ya kioo yakanishukia begani, na mlango ulikuwa umeanza tena kuomba nguvu.

Tangu siku hiyo nimetengeneza milango mingi kuliko nilivyotaka, kwa sababu mbali na hilo gari dogo tuna taksi ya abiria 14 inayofanya safari za Busia na Kampala, na mlango wa taksi hauna siku ya mapumziko. Nimelipia dawa karibu zote zinazouzwa gereji. Ninazilinganisha hapa ili wewe usilipe mara mbili kama mimi. Lakini kabla ya kulinganisha dawa, pima. Vipimo ni bure, na ndivyo vinavyokuchagulia.

Pima kabla ya kufungua pochi

Anza na dirisha. Shusha kioo kimoja mpaka chini, kisha funga mlango unaokusumbua kwa nguvu yako ya kawaida. Ukikubali kioo kikiwa chini na kukataa kikiwa juu, shida ni hewa. Gari lililopandishwa vioo vyote ni kama chupa: mlango ukiingia unasukuma hewa ndani, na hewa hiyo inatafuta pa kutokea. Magari mengi yana matundu ya kuitoa, yenye vifuniko vyepesi vya raba, yaliyojificha nyuma ya bampa ya nyuma au pembeni mwa buti. Vumbi la murram likiyajaza, au fundi wa bodi akiyaziba baada ya ajali, hewa inabaki ndani ikishindana na mkono wako. Kuyasafisha ni kazi ya brashi na maji. Usimruhusu mtu aguse bawaba kwa ajili ya hilo.

Kipimo cha pili ndicho ninachokitegemea kuliko vyote. Fungua mlango nusu, shika ncha yake chini ya kitasa, uinue taratibu kama unayepima uzito wa kuku sokoni. Mwenzako achuchumae pembeni akitazama bawaba. Mlango mzima haupandi wala haushuki. Ukisikia "tok" ndogo, muulize mwenzako ameona nini. Ikiwa pini inacheza ndani ya bawaba, bawaba imelika. Ikiwa bawaba yote inahama juu ya nguzo, bolti zimelegea, na hiyo ni bahati. Ikiwa bati la nguzo lenyewe linapumua au lina ufa, achana na gereji ya kawaida, mtafute fundi wa bodi.

Cha tatu nilikipata kwa kukosa chaki. Nilipaka rangi ya mdomo kwenye kichuma kile cha U, nyembamba, pande zote, kisha nikafunga mlango polepole na kuufungua. Kitasa kilikuwa kimefuta rangi ya juu yote na kuacha ya chini bila kuigusa. Maana yake mdomo wa kitasa ulikuwa umeshuka, ukawa unapanda juu ya kichuma kila ninapofunga, na ile nguvu niliyokuwa naitoa ilikuwa ya kuuinua mlango wenye uzito wa kilo ishirini na zaidi. Rangi ikifutika katikati, sawasawa, urefu wa mlango uko vizuri na shida iko kwingine.

Cha mwisho, mlango ukiwa wazi, sukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi. Utasikia milio miwili, ta-ta, maana kitasa kina hatua mbili. Kisha vuta mkono wa nje wa mlango, ule wa kufungulia. Ulimi unapaswa kuruka na kurudi wenyewe. Ukirudi kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa alfajiri, kitasa kimejaa uchafu. Na ukikuta ulimi umeshajifunga kabla hata hujaugusa, hiyo ndiyo sababu mlango unagonga na kurudi: vuta mkono, ulimi uachie, basi. Nimeona watu wakiubamiza mlango wa namna hiyo mara kumi mfululizo mpaka kichuma kikapinda, na dawa yake ilikuwa kuvuta mkono mara moja tu.

Kichuma na bawaba: hapa ndipo pesa zinapopotea

Gereji nyingi hukimbilia kichuma. Siwalaumu sana. Ni kazi ya dakika kumi, haihitaji spea, mteja anaona matokeo papo hapo, na malipo yake hayazidi sana chakula cha mchana. Bawaba inaweza kula siku nzima, inataka watu wawili na jeki, na mteja ananuna akitajiwa bei. Ukiziweka dawa hizi mbili ubavu kwa ubavu siku ya kwanza, kichuma kinashinda kwa kila kitu. Zilinganishe baada ya mvua moja.

Mlango uliolegea bawaba huinama ncha ya nyuma. Ukikishusha kichuma ili kiufuate, umeukubalia mlango ukae chini ya mahali pake. Juu, raba haifiki tena kwenye fremu, hivyo maji na vumbi vinaingia na upepo unapiga mluzi ukifika mwendo wa barabara kuu. Chini, raba inabanwa kupita kiasi na inaanza kuchanika. Na bawaba, ambayo hakuna aliyeigusa, inaendelea kulika, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa unarudi kukishusha kichuma tena, mpaka zile skrubu zinafika mwisho wa tundu lake. Gari langu lilifika hapo.

Mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe, upande wa kwenda Tororo, ndiye aliyenifundisha. Nilimsalimia, "Habari ya kazi, Mzee," akaitikia, "Nzuri, mama. Kabla hujanieleza, njoo uushike mlango wako mwenyewe." Akaniwekea mikono yangu chini ya ncha ya mlango. "Inua." Nikainua. Tok. "Rudia." Tok. Akapiga goti, akaweka ukucha wake juu ya pini ya bawaba ya juu, akaniambia niinue tena nitazame ukucha. Ukucha ulitulia juu ya pini, na bawaba ikapanda kando yake karibu unene wa shilingi. "Sasa mama," akasema, "kile kichuma kina kosa gani?"

Hakikuwa na kosa. Alikirudisha kwanza mahali pake pa zamani. Alama ya rangi ya kiwandani ilikuwa bado inaonekana kwenye nguzo, kivuli cha mraba pale kilipokaa tangu gari liundwe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mlango ukiinuka, tengeneza bawaba, na usimlipe mtu yeyote kwa kusogeza kichuma kabla ya hapo. Mlango usipoinuka hata kidogo, na rangi ya mdomo ikionyesha kitasa kinagonga upande mmoja, hapo kichuma ni dawa halali, na hata wewe unaweza kuifanya. Chora mstari wa penseli kukizunguka ili ujue ulikotoka. Legeza skrubu nusu tu, usizitoe zote mbili, kwa sababu kwenye magari mengine bamba linalozishika huelea ndani ya nguzo na likidondoka humo utalia. Kigonge taratibu kwa mpini wa nyundo, milimita moja au mbili, kaza, jaribu. Ukikivuta nje, mlango unafunga kwa ulaini lakini unaanza kugongagonga barabarani na kuingiza vumbi. Ukikisukuma ndani, unakaza raba na mlango unakuwa mzito. Lengo ni uso wa mlango wa mbele ukae sawa na uso wa mlango wa nyuma: pitisha kiganja juu ya maungio, kiganja kitakwambia kabla ya jicho.

Bawaba yenyewe: njia nne

Ukishajua ni bawaba, bado una uchaguzi, na hapa bei hutofautiana sana.

Kukaza bolti ndiyo rahisi, ikiwa kweli zimelegea. Sharti mlango ubebwe na jeki yenye kipande cha mbao na kitambaa juu yake, la sivyo unakaza bolti huku mlango ukiwa umeshainama, na utakaa hivyo. Wenye Toyota mkumbuke jambo moja. Bolti nyingi za bawaba zilizotoka kiwandani zimeundwa kuilazimisha bawaba ikae pale pale ilipowekwa, na maelekezo ya matengenezo ya Toyota yenyewe yanasema ukitaka kurekebisha mkao wa mlango, uzitoe hizo uweke bolti za kawaida zenye washa, zile pete bapa za chuma. Fundi asiyelijua hilo atalegeza, atasukuma, atakaza, na mlango utarudi palepale kama umefungwa kamba.

Kutia bushi mpya, yaani mirija mifupi ya ndani ya tundu ambamo pini hukaa, ndiyo njia niliyoichagua kwa gari dogo. Mzee alitoa bawaba zote mbili, akazipeleka kwa fundi wa mashine ya kuchonga vyuma, naye akatoboa tundu lililolika likawa duara tena, akachonga bushi za shaba na pini mpya inayoingia kwa kubana. Bawaba ni zile zile za gari langu, kwa hiyo zilirudi mahali pake bila ubishi. Uzuri wa shaba ni kwamba yenyewe ndiyo italika kwanza, na bushi ni kitu kidogo kukibadilisha. Ubaya ni kwamba unategemea mkono wa yule fundi wa mashine. Tundu likitobolewa kwa kulala, mlango hautakaa sawa maisha yake yote. Kabla ya kulipa, shika bawaba mkononi uikunje na kuikunjua: iende kwa ugumu laini, isicheze kushoto wala kulia.

Bawaba nyingine kutoka gari jingine ni ya haraka, na huko Kampala kwenye soko la Kisekka utaipata ya karibu kila gari la Kijapani linalotembea nchini. Tatizo ni kwamba na hiyo imetumika. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini miaka 12 au 13 bado ni maelfu ya kufungua na kufunga. Omba bawaba ya mlango wa nyuma au wa abiria ukiweza kulinganisha ulikaji, ingawa umbo haliingiliani kila wakati. Wa dereva huchoka kwanza siku zote. Nenda na bawaba yako ya zamani mkononi, linganisha matundu ya bolti moja kwa moja, na ukunje na kukunjua mbele ya muuzaji. Ukipata mpya kabisa ya gari lako, na mfuko ukiruhusu, hiyo ndiyo bora kuliko zote tatu. Kwa gari ulilopanga kukaa nalo miaka mitano, ningejinyima kitu kingine.

Njia ya nne ni kuchomelea, na ninaomba uikatae. Fundi anaziba nafasi ya pini kwa moto au anaishikiza bawaba kwenye nguzo, mlango unakaa wima, unashangilia. Lakini joto limeunguza rangi na kinga ya kutu ndani ya nguzo ambako huoni, na siku bawaba hiyo itakapolika tena haitatoka kwa spana, itatoka kwa kukatwa. Ukilazimika kabisa, kama bati la nguzo limechanika na hakuna namna nyingine, betri itolewe waya kabla ya moto kuwashwa, na kazi ifanywe na fundi wa bodi mwenye kuelewa kuimarisha bati kwa ndani.

Kitasa: kusafisha au kubadilisha

Hapa jibu ni fupi. Safisha kwanza, karibu kila mara. Kitasa chenye uvivu kwenye barabara zetu huwa kimejaa grisi ya zamani iliyochanganyika na vumbi ikawa kama msasa wa maji. Puliza dawa ya kuyeyusha uchafu, ile ya WD-40 au nyingine ya aina hiyo, sukuma ulimi kwa bisibisi mara nyingi, futa uchafu unaotoka, puliza tena. Watu wengi huishia hapo na wiki mbili baadaye wanalalamika. Dawa hiyo inaosha lakini haikai. Baada yake tia grisi nyeupe ya lithiamu, kiasi cha punje ya harage, sukuma ulimi ienee, futa ya ziada.

Usikubali oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Mafundi wengi huipaka kwa moyo mwema kwa sababu ni ya bure, lakini inakusanya vumbi haraka, inachafua nguo za kila anayepita karibu na mlango, na ikigusa raba inaivimbisha.

Kitasa cha mtumba kinunuliwe pale tu springi imekatika au ulimi umelika ukawa hauumi hatua ya pili. Hapo usichelewe, nami nitaeleza sababu mbele.

Raba

Raba ngumu iliyokakamaa haizuii mlango kufunga, inazuia tu kuziba. Mlango mzito huletwa na raba mpya, au iliyotoka kwenye mfereji wake ikajikunja. Raba mpya ya kiwandani na ile ya kukatwa kwa mita dukani zinatofautiana unene, na ya mita mara nyingi ni nene kuliko inavyotakiwa. Ni rahisi, inapatikana popote, na kwa buti la nyuma inatosha. Kwa milango ya abiria ningetafuta ya gari lenyewe, hata ya mtumba, mradi iwe bado inanepa.

Chukua noti ya shilingi elfu moja, ibane kwenye mlango unapoufunga, kisha ivute. Ikivutika kwa ugumu kidogo kila mahali, raba iko sawa. Ikikwama kabisa upande wa chini na kuteleza bila kizuizi juu, rudi kwenye kipimo cha bawaba, maana mlango umeinama. Raba mpya yenye unene sahihi ipe siku kadhaa, acha milango ikae imefungwa kabisa usiku, itatulia. Ipake silikoni, kamwe isiwe grisi.

Kunyoosha au kununua mlango mzima

Gari likigongwa ubavuni, swali linabadilika. Nyufa kati ya mlango na bodi, ambazo kwa kawaida ni milimita tatu hadi tano na zinalingana juu hadi chini, zinakuwa nyembamba hapa na pana pale. Fundi wa bodi hodari anaweza kuweka kipande cha mbao kati ya mlango na nguzo na kuusukuma mpaka fremu irudi, na wapo wenye mikono ya ajabu kwa kazi hiyo. Nimemwona mmoja Katwe akirudisha fremu ya dirisha kwa goti lake na viganja viwili, akisimama kila baada ya msukumo mmoja kutazama ufa kwa jicho moja. Kwa fremu ya juu iliyopinda, kunyoosha ni bora kuliko kununua.

Mlango uliobonyea mpaka chuma cha ndani kimekunjamana ni habari nyingine. Ule nunua mwingine. Mlango wa mtumba kutoka gari lililokatwa unakuja na kioo, kitasa, mota ya kioo na mara nyingi raba yake, na ukijumlisha bei ya vitu hivyo kimoja kimoja utaona ni nafuu. Nenda na sumaku ndogo. Ipitishe juu ya bati lote: pale inapoteleza bila kushika, chini ya rangi kuna puti, ule udongo wa kujazia mabonyeo, na mlango huo umeshagongwa mara moja. Tazama pale bawaba zinapofungwa kama kuna ufa wa nywele. Rangi isiyofanana na ya gari lako isikusumbue kuliko ufa huo.

Ila pima nguzo kabla ya kununua mlango. Jamaa yangu alinunua mlango safi kabisa kwa gari ambalo nguzo yake ilikuwa imeingia ndani, na mlango mpya ukagoma vilevile.

Mlango wa taksi, ule wa kuvutwa

Nimeuacha mwisho kwa sababu hauna bawaba, na kila nilichosema juu ya bawaba hakiuhusu. Mlango wa pembeni wa HiAce, ziwe zile za zamani au hizi tunazoziita drone, unaning'inia kwenye rola tatu: ya juu, ya katikati inayokimbia kwenye reli ya nje ubavuni, na ya chini iliyojificha chini ya ngazi ya kupandia. Ya katikati ndiyo inayobeba mateso. Konda anauvuta mlango gari likiwa limeshaanza kuondoka, uzito wote unarudi kwa kishindo, na kishindo hicho kinaishia kwenye rola hiyo.

Kwenye taksi yetu shida ilianzia chini. Nilipolala chali na tochi nikakuta reli ya chini imejaa maganda ya njugu, udongo mkavu wa viatu, na mfupa wa kuku. Yeyote aliyepita Namawojjolo anajua mfupa huo ulitoka wapi. Pale wachuuzi wanazunguka gari na mishikaki ya kuku na gonja (ndizi za kuchoma), mlango unafunguliwa, unafungwa, unafunguliwa tena, na kila kinachodondoka kinatafuta njia ya kuingia relini. Konda aliniambia, "Mama, mimi nilidhani rola zimekufa." Tulichokoa reli kwa kijiti, tukaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na mlango ukarudi kuteleza bila kununua hata nati.

Kwa hiyo safisha reli kabla ya kununua rola. Na relini usipake grisi nzito, itakusanya vumbi la Iganga lote. Grisi mahali pake ni ndani ya beringi ya rola, reli inatosha silikoni nyepesi.

Ikiwa reli ni safi na mlango bado ni mzito, ufungue nusu, shika ncha ya nyuma, uinue kama ule wa gari dogo. Ukicheza, rola ya katikati imekwisha. Kati ya rola mpya na ya mtumba, hapa sina kusita: nunua mpya. Bawaba ya mtumba inaweza kuwa na miaka kumi mbele yake. Rola ya mtumba ya taksi imetoka kwenye taksi nyingine, na beringi yake unaisikia ikikoroma ukiizungusha kwa kidole. Zile za kuchomelewa gurudumu jipya kwenye mkono wa zamani nimezijaribu mara moja. Gurudumu lilikaa upande, likala reli, na reli ni ghali kuliko rola kwa mbali. Baada ya kufunga rola mpya, fundi arekebishe pia bolti za mkono wa chini, kwa sababu aliyekuwa amezifunga mwanzo alizifunga kufuata mlango uliolala.

Kipi kitangulie pesa zikiwa kidogo

Niliahidi kueleza kwa nini kitasa kisichofika hatua ya pili hakingoji mwisho wa mwezi. Kanuni Nambari 11 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vitasa na bawaba za milango ya magari, inataka kitasa kilichouma mpaka mwisho kistahimili mvuto wa nyutoni 11,000 kwa urefu wa gari, yaani uzito wa zaidi ya tani moja. Kwa hatua ya kwanza inataka nyutoni 4,500, chini ya nusu tani. Mlango ulioshika nusu umekupunguzia zaidi ya nusu ya kinga, na kwa macho unaonekana umefungwa. Kwenye taksi yenye watu 14, mtu wa kiti cha pembeni ameegemea mlango huo tangu Busia mpaka Jinja, na wengine wanalala.

Ukiwa na pesa ya kutengeneza mlango mmoja tu, usianze na wa dereva kwa sababu ndio unaokukera kila asubuhi. Anza na ule anaokaa mtoto, au ule abiria anaouegemea. Wa dereva uvumilie, ukiuinua kwa mkono wa pili unapoufunga ili bawaba ipumzike, badala ya kuubamiza. Nilifanya hivyo wiki tatu nzima nikisubiri fundi wa mashine amalize bushi zangu. Mzee aliponirudishia gari alinikabidhi pini ya zamani kwenye karatasi ya gazeti. Katikati ilikuwa imelika nyembamba, kama kijiti kilichotafunwa. Nimeiweka kwenye sahani ya funguo pale mlangoni nyumbani, na kila dereva mpya wa taksi yetu huwa namwonyesha kabla sijampa funguo.